Walioicheka Opera Ndio Walioijua

Majira ya joto ya mwaka 2025 ukumbi wa Savoy, London, ulionyesha mchezo wa muziki uitwao Burlesque, uliotokana na filamu ya Marekani ya mwaka 2010 waliyoigiza Cher na Christina Aguilera. Kisa cha filamu hiyo ni cha msichana wa mji mdogo anayekwenda Los Angeles kutafuta maisha, akapata nafasi ya kuimba kwenye klabu ya usiku. Mchezo umekuja na umeondoka, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na picha iliyokuwapo kabla yake na ambayo sasa imekazwa zaidi vichwani mwa watu: kwamba barleski ni manyoya, soksi ndefu na mwanamke anayevua nguo kidogo kidogo huku bendi ikimpigia. Picha hiyo inaeleza sawasawa sehemu ya kumbi za Marekani za karne ya 20. Ikibandikwa juu ya London ya karne ya 19 inafuta sanaa nzima, tena inaifuta mahali ilipostahili kukumbukwa kuliko pengine popote. Savoy ulijengwa mwaka 1881 na Richard D'Oyly Carte kwa ajili ya michezo ya mwandishi W. S. Gilbert na mtunzi wa muziki Arthur Sullivan, na Gilbert huyo alijifunza kazi yake kwa kuandika barleski, yaani michezo ya jukwaani inayoiga kazi mashuhuri kwa mzaha. Alichukua opera kubwa za Ulaya, akazigeuza kichwa chini miguu juu, na watu wakalipa kuja kuzisikia.

Dai langu ni hili: barleski ya muziki ya zama za Malkia Victoria iliishi kwa ujuzi wa watazamaji wake. Haikuweza kuchekesha ukumbi usiojua. Ilihitaji makarani, wauza maduka, wanafunzi wa sheria na mafundi wanaozijua opera za Rossini na Bellini, tamthilia za Shakespeare na ngano za Alfu Lela Ulela vizuri kiasi cha kushtuka mara neno moja linapobadilishwa. Kwa hiyo ilikuwa ushahidi wa utamaduni ulioenea mitaani, na kwa kiasi kikubwa yenyewe ilisaidia kuueneza. Ujuzi ule ulipoacha kutakiwa, kilichokufa ni barleski. Kazi ilizozifanyia mzaha nyingi zinaimbwa hadi leo. Wanaoikumbuka kwa mavazi yake na wanaoidharau kama takataka wamekosea kwa namna moja: wameitazama bila kuisikiliza.

Asili yake ni sheria. Kuanzia karne ya 17 wafalme wa Uingereza walitoa hati za pekee za kuonyesha tamthilia, na sheria ya mwaka 1737 ikakaza kamba: mchezo wa maneno matupu, usio na muziki, ungeweza kuonyeshwa London kwenye kumbi mbili tu, Drury Lane na Covent Garden, na baadaye Haymarket katika miezi ya kiangazi. Kila mchezo mpya ulipitia mikononi mwa Lord Chamberlain, ofisa wa kasri la mfalme mwenye uwezo wa kuruhusu au kukataza, na uwezo huo ulidumu hadi mwaka 1968. Kumbi ndogo zilizotaka kupata riziki zilibakiwa na mlango mmoja, kuimba. Mchezo uliojazwa nyimbo ulihesabiwa kuwa kitu kingine na uliruhusiwa. Hapo watunzi wa kumbi hizo wakapata hila iliyozaa sanaa. Ikiwa Hamlet hawezi kusema maneno yake, basi aimbe, na aimbe kwa mahadhi ya wimbo wa mtaani. Miungu ya Wagiriki, wafalme na mashujaa wa opera wakaingizwa kwenye vina na nyimbo ambazo kila mtu alikuwa nazo kichwani. Sheria ya mwaka 1843 ilipovunja ukiritimba wa kumbi za hati, barleski haikuwa tena na sababu ya kisheria ya kuwapo. Badala ya kufifia, ndipo ilipoingia kwenye miaka yake minono, na hilo linatosha kuonyesha kwamba watu hawakuifuata kwa kukosa pengine pa kwenda.

Tazama pia ni nani walioipa sura. Lucia Elizabeth Vestris alikuwa mwimbaji wa opera kabla hajawa meneja. Aliimba kazi za Rossini, na mwaka 1826 Carl Maria von Weber alipoipeleka opera yake ya Oberon Covent Garden, Vestris ndiye aliyeimba nafasi ya Fatima. Maneno ya opera hiyo yaliandikwa na James Robinson Planché. Januari 1831 wawili hao walikutana tena kwenye ukumbi mdogo wa Olympic, ambao Vestris alikuwa ameukodi na kuuendesha mwenyewe, jambo ambalo wanawake wa London walikuwa hawajalizoea kabisa. Wakatoa Olympic Revels, mchezo uliochezea ngano ya Prometheus na Pandora. Desturi ya wakati huo ilikuwa kuwavika wachekeshaji nguo za kuchekesha. Planché, aliyekuwa mjuzi wa historia ya mavazi, aliagiza maleba ya Kigiriki yaliyo sahihi na ya kupendeza. Aliona kwamba mzaha unanoga zaidi mungu anapovaa kama mungu kweli kisha akafungua kinywa na kusema kama jirani yako. Huu haukuwa mkono wa mtu anayeichukia sanaa kubwa. Ni mkono wa mtu aliyeitumikia asubuhi na kuitania jioni.

Swali la haki ni hili: mtu wa kawaida wa London, asiyeweza kumudu kiti Covent Garden, aliijulia wapi opera? Aliijulia njiani. Vinanda vya kuzungusha kwa mkono vilipita mitaa yote vikipiga nyimbo za Bellini, Donizetti na Verdi, hata wakazi wa nyumba za kimya wakachoka, na Bunge likapitisha sheria ya muziki wa mitaani mwaka 1864. Bendi za tarumbeta zilizipiga bustanini. Karatasi za muziki zilizipeleka kwenye piano za sebuleni. Wimbo wa kumbi za marumaru kutoka opera ya Michael Balfe, The Bohemian Girl, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Drury Lane mwaka 1843, ulijulikana na watu wengi ambao hawajawahi kuketi mbele ya okestra. Barleski ilichukua vipande hivi vilivyotawanyika na kuvirudisha kwenye kisa chao. Aliyeujua wimbo tu akapata kujua ni nani aliyeuimba, kwa nini, na mbele ya nani. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wanaozungumzia elimu ya sanaa mara nyingi hufikiri kwamba elimu hushuka kutoka juu kwa heshima. Pale London ilipanda kutoka mtaani, ikiingia kwa mlango wa kicheko.

Namna yake ya kufanya kazi msomaji wa mashairi ya Kiswahili ataielewa haraka kuliko wengi. Mazungumzo yaliandikwa kwa mistari ya mizani kumi kumi, kila mistari miwili ikifungwa kwa kina kimoja, na ndani yake mtunzi alipanga maneno yenye sauti moja na maana mbili, wakati mwingine matatu au manne ndani ya mstari mmoja. Msikilizaji alipaswa kuwa macho. Kisha ukaja wimbo, na hapo ndipo palipokuwa na ufundi mkubwa zaidi. Maneno ya kisa kizito yaliwekwa kwenye mahadhi mepesi ya mtaani, au maneno ya bei ya samaki yakawekwa kwenye mahadhi ya aria ya huzuni, wimbo wa mwimbaji mmoja ndani ya opera. Kicheko hakikutoka kwenye maneno peke yake wala kwenye muziki peke yake. Kilitoka kwenye pengo kati ya unachosikia na unachokumbuka. Ondoa kumbukumbu, na kinachobaki ni watu wanaoimba mambo yasiyoeleweka. Ndiyo maana maandishi ya barleski ukiyasoma leo peke yako chumbani huonekana makavu. Nusu ya mchezo haikuandikwa kwenye karatasi, ilikuwa vichwani mwa waliokaa vitini.

Gilbert aliandika barleski tano za opera kati ya mwaka 1866 na 1869. Ya kwanza, Dulcamara, ilichezea L'elisir d'amore ya Donizetti. Ya mwisho, The Pretty Druidess, ilichezea Norma ya Bellini. Iliyo muhimu kuliko zote kwa hoja yangu ni Robert the Devil, iliyofungua ukumbi mpya wa Gaiety tarehe 21 Desemba 1868, Nellie Farren akiwa Robert. Opera iliyochezewa ni Robert le diable ya Giacomo Meyerbeer, ya mwaka 1831, ambayo watu waliikumbuka hasa kwa tukio moja: watawa waliokufa wanafufuka makaburini usiku na kucheza. Gilbert aliwaondoa watawa. Mahali pao aliweka sanamu za nta za wauaji mashuhuri, zile zilizokuwa zikionyeshwa kwenye chumba cha vitisho cha Madame Tussaud, nazo zikapata uhai na kuanza kuimba. Fikiria akili iliyomo humo. Anakwambia kwamba hofu ambayo Paris iliilipia kwa fedha nyingi, mkazi wa London ataipata kwenye chumba cha maonyesho ambacho amekwisha kukitembelea na watoto wake. Mwaka 1887, jukwaani Savoy, katika Ruddigore aliyoiandika na Sullivan, picha za mababu zinatoka kwenye fremu zao na kumkabili mjukuu, na safari hii Sullivan aliwapa muziki wa kutisha kweli. Njia kutoka nta ya 1868 hadi fremu za 1887 ni moja. Anayeipenda ya pili hawezi kuitupa ya kwanza kama upuuzi wa ujana.

Kuna wanaosema kwamba yote haya ni mapambo, na kwamba watu walikwenda kuona miguu. Hoja hii ina ukweli ndani yake na sitaipita kando. Nafasi za wavulana na mashujaa zilipewa wanawake waliovaa suruali za kubana, wakati ambapo mwanamke wa heshima hakuonyesha kifundo cha mguu barabarani. Wamiliki wa kumbi walijua wanachouza. Gilbert mwenyewe, alipofika Savoy, aliweka sharti kwamba mwanamke asiimbe nafasi ya mwanamume wala mwanamume nafasi ya mwanamke, na wanawake wavae kwa staha, dalili kwamba aliiona kasoro hiyo akiwa ndani yake. Lakini hoja inapotaka tuamini kwamba hapakuwa na kingine, inamfuta Marie Wilton. Mwaka 1858, kwenye ukumbi wa Strand, alicheza mvulana katika barleski ya H. J. Byron iliyochezea opera ya Rossini, La gazza ladra. Charles Dickens alimwona, akamwandikia rafiki yake John Forster barua ya kumsifu kwa kipaji chake na kwa jinsi alivyokuwa mvulana kamili pasipo kuudhi. Mwaka 1865 Wilton aliingia ubia na Byron wakauendesha ukumbi wa Prince of Wales's, na hapo ndipo zilipoonyeshwa tamthilia za T. W. Robertson, Society na Caste, ambazo wanahistoria wa jukwaa la Uingereza huzihesabu kuwa mwanzo wa uigizaji wa kawaida, wa watu wanaoketi na kuzungumza kama watu. Mwigizaji aliyefunzwa na barleski, pamoja na mtunzi wa barleski, ndio walioufungulia mlango uigizaji ambao baadaye ulijiona umeizidi barleski kwa heshima.

Namna hoja ya miguu ilivyokuja kushinda ni kisa cha bahari ya Atlantiki. Mwaka 1868 Lydia Thompson alivuka na kundi lake hadi New York na Ixion, barleski ya F. C. Burnand iliyochezea ngano ya Kigiriki. Walijaza kumbi, na magazeti yakawashambulia. Mwaka 1870 mjini Chicago mhariri mmoja, Wilbur Storey wa gazeti la Chicago Times, aliwaandika kwa maneno ya kuwavunjia heshima, nao wakamvizia barabarani na kumchapa mjeledi, wakatozwa faini. Makundi ya Kimarekani yaliyofuata yalichukua mavazi na kuacha vina. Polepole mchezo ukawa mfululizo wa wachekeshaji na wachezaji, kisha uvuaji nguo, hadi Meya Fiorello La Guardia alipozifunga kumbi hizo New York mwaka 1937. Filamu ya mwaka 2010 na mchezo wa 2025 ni wajukuu wa tawi hilo. Kosa ni kulitazama tawi na kudai ndilo shina.

Upande mwingine wamesimama waliodai kwamba barleski iliidhalilisha sanaa na kuwavunjia heshima wakubwa wake. Mwaka 1889, katika Ruy Blas and the Blasé Roué iliyochezea tamthilia ya Victor Hugo, Fred Leslie aliigiza sura na mwendo wa Henry Irving, mwigizaji mkubwa kuliko wote wa Kiingereza wa wakati huo, huku amevaa sketi ya mchezaji wa baleti. Irving alilalamika, na ofisi ya Lord Chamberlain ikakataza mwigizaji kujipaka sura ya mtu aliye hai. Naelewa uchungu wa Irving. Lakini ofisi hiyohiyo, miaka 16 kabla, ilikuwa imeisimamisha The Happy Land kwenye ukumbi wa Court, barleski ambayo Gilbert aliiandika pamoja na mwandishi mwingine, Gilbert à Beckett, kwa kuuchezea mchezo wake mwenyewe, The Wicked World. Waigizaji watatu walikuwa wamejitengeneza wafanane na Waziri Mkuu Gladstone na mawaziri wake Lowe na Ayrton, wakipanda kutoka duniani kwenda kuwafundisha viumbe wa kichawi wa mawinguni siasa za vyama. Mchezo uliporuhusiwa tena baada ya kufanyiwa mabadiliko ulijaza ukumbi. Kanuni inayomlinda msanii asikejeliwe ilikuwa kanuni ileile iliyomlinda waziri, na sioni jinsi ya kuitaka ya kwanza bila kuikubali ya pili.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya barleski ni nyingine, na wapenzi wake wengi huipita haraka. Aprili 1833 Ira Aldridge, mwigizaji Mweusi aliyezaliwa New York, alicheza Othello Covent Garden. Sehemu ya magazeti ya London ilimshambulia kwa matusi ya rangi, na baada ya usiku wa pili hakuendelea. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni. Mwaka 1834 Maurice Dowling akatoa Othello Travestie, ambamo Othello amefanywa mtu kutoka Haiti, anazungumza Kiingereza cha kubandikwa ili kuchekesha wazungu, na anatajwa kwa neno la tusi ambalo sitaliandika hapa. Haiti, taifa lililojikomboa kutoka utumwani, likageuzwa kichekesho mwaka uleule sheria ya kukomesha utumwa ilipoanza kufanya kazi. Aladdin ya H. J. Byron, iliyoonyeshwa Strand mwaka 1861 na kuwapa Waingereza yule mama wa Aladdin aitwaye Mjane Twankay, jina lililotoka kwenye chai ya Kichina, iliwachezea Wachina miezi michache baada ya majeshi ya Uingereza na Ufaransa kuliteketeza Kasri la Kiangazi karibu na Beijing. Hapa hakuna ujuzi wa watazamaji wa kuusifu. Aliyeketi kitini aliijua Othello vizuri, na ujuzi huo ulitumiwa kumpunguzia Othello utu. Mtazamaji hakuchekea pengo kati ya sanaa kubwa na maisha yake mwenyewe, alichekea watu ambao hawakuwamo ukumbini kujibu. Nakubali hoja hii yote. Inanilazimu kusema kwamba ujuzi ndio uliowezesha barleski kufanya kazi, lakini haukuifanya iwe njema, na kila moja inapaswa kupimwa kwa kuuliza ilimgeuzia nani kidole.

Tukija kwenye hoja dhaifu kabisa, ile inayorudiwa hadi leo kila wimbo mashuhuri unapobadilishwa maneno, ni kwamba mzaha huua kazi ya asili: ukishaicheka, huwezi tena kuisikiliza kwa moyo. Kumbukumbu za kumbi zinakataa. Faust ya Charles Gounod iliingia Covent Garden mwaka 1863 na ikaimbwa huko kila msimu hadi mwaka 1911. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1888, Gaiety ilitoa Faust up to Date, na haikuitikisa hata kidogo. Muziki wa barleski hiyo ulitungwa na Meyer Lutz, Mjerumani aliyekuwa kiongozi wa okestra ya Gaiety, ambaye miaka zaidi ya 30 kabla alikuwa ametunga opera yake mwenyewe isiyo ya mzaha juu ya kisa hichohicho cha Faust na Marguerite. Carmen ya Bizet ilichezewa mwaka 1890 katika Carmen up to Data, na leo ni miongoni mwa opera zinazoimbwa zaidi duniani. Mtu anaweza kunijibu kwa kutaja Robert le diable, ambayo kweli ilififia. Lakini Opera ya Paris iliendelea kuionyesha hadi mwaka 1893, ikiwa imeonyeshwa huko zaidi ya mara 700, kisha ikaiacha, na Paris haikuwahi kuketi mbele ya sanamu za nta za Gilbert. Ilichoka kwa sababu zake. Tena mara nyingine mzaha ndio uliohifadhi. Mwaka 1860 Byron alichezea La Cenerentola, opera ya Rossini ya mwaka 1817 juu ya Cinderella, na kutoka humo mtumishi wa mwana wa mfalme, Dandini, akahamia kwenye maonyesho ya Krismasi ya Uingereza. Yupo huko hadi sasa, na watoto wanamjua kwa jina.

Na ushahidi unaonigusa zaidi ni Frederick Robson, mtu mfupi wa kimo aliyecheza kwenye ukumbi wa Olympic. Mwaka 1853 alikuwa Shylock katika barleski ya Francis Talfourd, Shylock yuleyule ambaye Mwalimu Nyerere alitufikishia katika Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mwaka 1856 alicheza Medea, mama wa tanzia ya Kigiriki anayewaua watoto wake, katika barleski ya Robert Brough, wakati ambapo Adelaide Ristori wa Italia, mwigizaji mkubwa wa tanzia, alikuwa London akicheza Medea ya kweli. Waliomwona Robson waliandika kwamba katikati ya kicheko alibadilika ghafla, hasira na huzuni zikamtoka kwa nguvu hata ukumbi ukanyamaza, kisha akarudi kwenye mzaha. Ristori mwenyewe alimtazama, naye akamsifu. Tanzia haikuuawa pale. Ilijitokeza mahali ambapo hakuna aliyeitarajia.

Kilichoiua barleski kilitoka ndani. George Edwardes alipochukua Gaiety katikati ya miaka ya 1880 alipanua maonyesho, akaagiza muziki mpya mahali pa mahadhi ya kuazima, na kutoka Little Jack Sheppard ya 1885 hadi Cinder Ellen up too Late ya 1891 kisa kilichochezewa kilizidi kuwa kisingizio. Mapato yalikuwa mazuri, na nyimbo kadhaa zilikuwa nzuri pia. Lakini mtazamaji hakuhitaji tena kukumbuka chochote. Kisha Nellie Farren akashindwa kuendelea na jukwaa kwa maradhi, na Desemba 1892 Fred Leslie akafa kwa homa ya matumbo akiwa na miaka 37. Edwardes alikuwa tayari amejaribu kitu kingine: In Town mwaka 1892, iliyofuatwa na A Gaiety Girl mwaka 1893, komedi za muziki zenye visa vipya, mavazi ya kisasa na nyimbo zisizodai ujuzi wa awali. Zilishinda mara moja. Wengi hueleza badiliko hili kwa maradhi ya nyota mmoja na kifo cha mwingine. Mimi naona mambo hayo yaliliharakisha tu. Siku muziki wa kuazima ulipoachwa, uzi uliomfunga mtazamaji na kazi ya asili ulikatika, na mchezo usiomtegemea mtazamaji kujua hauna sababu ya kuitwa mwigo wa kitu chochote.

Kama nimesoma historia hii sawasawa, basi mambo kadhaa ya leo yanahitaji kutazamwa upya. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza inatambua haki ya kuchezea kazi ya mwingine kwa mzaha tangu tarehe 1 Oktoba 2014, na ni hatua njema. Sheria hiyo hata hivyo inamlinda mtunzi tu. Haiwezi kumpatia hadhira. Mtu anayechezea opera sasa anazungumza na ukumbi ambamo wachache wameisikia, na kwa hiyo hujikuta akichezea jina la opera, mwimbaji mnene na sauti kali, vitu ambavyo hata asiyeijua anavitambua. Huo ndio mzaha dhaifu, na unatokana na umaskini wa kumbukumbu ya pamoja kuliko umaskini wa vipaji. Anayetaka dhihaka bora aanze kwa kuziimbisha kazi za asili mahali watu walipo, kama vinanda vya mitaani vilivyofanya bila kukusudia. Shule zinazofundisha tamthilia kwa unyenyekevu mtupu, zikimkataza mwanafunzi kuicheka, zinamnyima nusu ya njia ya kuielewa.

Kumbi nazo zina kazi inayowezekana. Maandishi yapo: michezo iliyopelekwa kwa Lord Chamberlain kuanzia mwaka 1824 imehifadhiwa Maktaba ya Uingereza, na vitabu vya barleski vilivyochapwa wakati ule vilitaja juu ya kila wimbo jina la mahadhi yake, kwa hiyo muziki mwingi unaweza kurudishwa mahali pake. Royal Opera House iliirudisha jukwaani Robert le diable Desemba 2012, watawa na makaburi yao wakiwemo. Hiyo ndiyo nafasi ambayo ningependa itumiwe: usiku mmoja, tukio la watawa liimbwe kama Meyerbeer alivyoliandika, kwa okestra kamili na bila mzaha wowote, kisha baada ya mapumziko zije sanamu za nta za Gilbert mbele ya watu walewale. Othello ya Dowling isipandishwe. Isomwe darasani, karibu na maandishi ya magazeti yaliyomfukuza Aldridge, ili mwanafunzi aone kwamba vitu hivyo viwili viliandikwa na jamii moja ndani ya mwaka mmoja hivi.